Ami, ruzuku ya tajiri haitoki kwa gunia

Ami yangu, shikamoo.

Umeshikilia kwamba hapa Kenya kampuni kubwa hazipewi hela za serikali, maana kwenye bajeti fungu lao halipo. Halipo kweli, ami. Ruzuku yao kubwa ni kodi isiyokusanywa, na kitu kisichoingia hukioni kwenye orodha ya vilivyotoka.

Chukua kiwanda chenye faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kodi ya kawaida ya kampuni ni asilimia 30. Kikiwa EPZ, yaani eneo la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, miaka 10 ya kwanza hakilipi hata thumni, 10 inayofuata kinalipa asilimia 25. Kikiwa eneo maalumu la kiuchumi, mfano wa Dongo Kundu kule Mombasa, ni asilimia 10 kwa miaka 10, halafu 15 kwa miaka 10 mingine. Piga hesabu: kote kuwili Hazina inakosa milioni 350 kwa miaka 20. Lakini EPZ milioni 300 zimeshaondoka mwanzoni, na mwenyewe akifunga lango mwaka wa 11, ile asilimia 25 utaidai kwa nani? Hapo ushuru wa forodha hatujaugusa.

Sasa tazama mche wa sabuni wa shilingi 232. Shilingi 32 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na hakuna anayekusamehe. Kuziba ile milioni 350 yataka karibu miche milioni 11.

Ajira zipo, sikatai. Taabu ni kwamba hatuambiwi kila ajira imekula kodi kiasi gani.

Katiba, kifungu cha 210(2), inataka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Basi iombe Hazina rekodi hiyo kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali Kiswahili, na huulizwi waitakia nini. Usiombe ritani za kampuni fulani, watakufungia mlango kwa siri ya mlipa kodi. Omba misamaha ya mwaka fulani: sheria iliyotumika, muda, sababu. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo zile siku 21 za kujibiwa utazihesabu kuanzia lini? Wakinyamaza, kimya hicho kisheria ni kukataa, na una siku 30 za kulifikisha jambo hilo kwa Ombudsman, ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.