Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii: wale mayatima wa Voronezh walikuwa na mama zao

Ndugu Kamishna, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi marahaba. Mi ni mtu wa Morogoro, nilisoma kilimo Voronezh, Urusi, 1995 mpaka 2000, mji uko kama kilomita 500 kusini ya Moscow. Nakuandikia sababu mtaani kwetu kinajengwa kituo kingine cha kulelea watoto, vitanda sitini, na siku nilipoona vile vitanda vya dabodeka vinashushwa kwenye lori nilisimama pale kama mjinga, nimerudi Voronezh.

Urusi ya kipindi kile sahau mambo ya makombora. Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991, Januari 2, 1992 serikali ikaachia bei, na ndani ya mwaka mmoja vitu vikapanda zaidi ya mara ishirini, akiba ya mzee ya miaka thelathini ikawa hela ya soseji. Nilipofika mkate ulikuwa unauzwa kwa maelfu ya rubli (1998 ndo wakafuta sufuri tatu). Nje ya stesheni wamekaa mabibi wanauza mbegu za alizeti, wanapima kwa glasi, wanakumiminia kwenye gazeti lililosokotwa kama karanga za Kariakoo kabisa, ila huyu muuzaji alikuwa mwalimu wa fizikia na baridi ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Sasa mwisho wa 1996 sisi wanafunzi Waafrika tukaalikwa makao ya watoto kwenye mji mdogo, saa mbili kwa treni ya abiria. Tukaenda na pipi na gitaa, tukacheza, tukapigwa picha, tukajisikia watu wema sana. Nilichokumbuka baadae ni korido, viatu vya manyoya vimepangwa mstari, saizi zote, havina majina, kila asubuhi mtoto anavaa vinavyomtosha. Na harufu ya kabichi. Wale walezi walikuwa hawajalipwa miezi mitano na bado wanakuja na viazi vya shambani kwao kuongezea kwenye supu, kwa hiyo usije ukadhani nawasema vibaya.

Tukiwa tunaondoka akaingia mama mmoja na begi zito linagongana. Sufuria za enameli. Kiwandani kwao mshahara walikuwa wanalipwa sufuria, siku hizo ilikuwa kawaida, wengine walilipwa taulo, wengine glasi, utajua mwenyewe unauzia wapi. Kumbe huyu kaja kumuona mwanae, kakaa nae nusu saa kwenye benchi, kamuachia matufaha mawili, halafu kaenda stesheni kuuza sufuria. Nikamuuliza mlezi, si mlisema hawa ni mayatima? Akanicheka. Akasema mayatima wa kweli hapa unawahesabu kwa vidole.

Nilidhani ni kituo kile tu, mpaka Desemba 1998 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walipotoa ripoti yao: asilimia 95 ya watoto waliotelekezwa kule wana mzazi aliye hai. Na wale wadogo wakifika miaka minne walikuwa wanapelekwa mbele ya jopo la madaktari, mtoto akishindwa kujibu anaandikiwa ana upungufu wa akili na anahamishiwa kwenye taasisi za wasiofundishika. Mtoto ambaye toka azaliwe hakuna aliyekaa chini kuongea nae, wewe ulitegemea ajibu nini?

Kuna dogo mmoja alitoka kwenye makao yale ana miaka 16 akaletwa chuo cha ufundi jirani na bweni letu. Siku moja yuko jikoni kwetu kachemsha chai, kaonja, katema, anasema kauziwa feki. Haina utamu. Toka anazaliwa chai ilikuja kwenye birika kubwa imeshatiwa sukari, hakuwahi kumuona mtu anaitia. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na yeye akacheka, sema mpaka leo nikikoroga chai naikumbuka ile sura.

Ndugu Kamishna, hela ya kile kitanda ingemtosha yule mama. Lakini hela ilikuwa inafuata kitanda, mtoto akirudi kwao kituo kinakosa fungu lake, nani atamrudisha? Georgia, ile nchi jirani ya Urusi siyo jimbo la Marekani, wamefunga karibu makao yao yote makubwa, wakapeleka watoto kwa ndugu na familia za kulea. Urusi wenyewe Mei 2014 waliweka kanuni kwamba makao yafanane na familia na mtoto awe pale kwa muda tu.

Sisi Sheria ya Mtoto tunayo toka 2009 na leseni za makao zinapita kwako, kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla hujasaini leseni ya vile vitanda sitini, tuma afisa ustawi aulize kila mtoto atakayelala pale, mama yuko wapi, bibi yuko wapi, na wanashindwa kwa shilingi ngapi kwa mwezi. Akishapata hizo hesabu zibandikwe ofisi ya mtendaji wa mtaa, mi natembea dakika kumi tu kufika pale.