Kuhusu mdogo wako na uuguzi

Goma, Jumapili jioni

Dada Furaha,

Habari za siku nyingi? Huku tu wazima, uvimbe wa mguu wa mama umepungua. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu.

Unataka nimshawishi mdogo wako asisomee uuguzi. Nimejaribu, dada. Alikuja Jumatano, nikampikia sombe, nikakusudia kumtia hofu. Nikamsimulia Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini: majeruhi wamelala hadi kwenye korido, tunafunga vidonda huku risasi zinalia nje, na ghala la dawa la Msalaba Mwekundu limeporwa. Akanisikiliza, kisha akauliza, “Na wewe mbona hukuondoka?”

Nilikosa jibu, na bado sina.

Lakini kinachoninyima usingizi si mabomu. Ni usiku wa tarehe 28 Februari mwaka huohuo, walipotolewa wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130 katika hospitali za Ndosho na Heal Africa. Umoja wa Mataifa ulisema ni M23 waliowachukua, kwa madai kwamba ni askari wa serikali au Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Hata kama ni kweli! Mikataba ya Geneva ya 1949 iko wazi: askari aliyejeruhiwa, akishaweka silaha chini, ni mgonjwa kama mama aliyekuja kujifungua. Sisi hatumuulizi mtu ametoka upande gani, tunamuuliza anaumwa wapi.

Sasa ndugu wa majeruhi wananiuliza kwanza kama jina lake litaandikwa. Mgonjwa mmoja kijana, wa zamu yangu, alitoroka usiku, dripu bado mkononi. Sijui kidonda kile kinasafishwa na nani. Watu wakiogopa kitanda cha hospitali, Furaha, dawa zetu zina kazi gani?

Namkumbuka pia Daktari Mouzoko, aliyetoka Kameruni kupambana na Ebola, akapigwa risasi akiwa mkutanoni hospitalini Butembo, Aprili 2019. Wewe ulikuwepo mjini. Hujawahi kunieleza.

Kwa hiyo sitamkataza. Mwambie mwenyewe, ila mweleze yote.

Ulirudije kazini baada ya siku ile? Nani alikushika mkono? Karo ya muhula wa kwanza, Mama Kavira atatoa nusu. Wewe utaweza kiasi gani? Na koti lako jeupe, bado unalo? Mna kimo kimoja.

Wako,
Masika