Kwa Maryam, kuhusu uwanja wangu wa mabembea

Unguja, Jumapili jioni

Shoga yangu Maryam,

Assalaam alaykum. Najua umeshanisema kwa mama kwamba siku hizi najivuna, simu sipokei na ujumbe sijibu. Sijivuni, mwenzangu. Mguu bado uko kwenye plasta tangu siku ile nilipoteleza ngazini na ndoo ya maji, na hii ni wiki ya tano nimekaa kitako. Ila katika kukaa huko nimepata kazi. Nina uwanja wa mabembea. Jana wageni walifika mia sita na arubaini, wafagiaji ninao kumi na wawili, na deni la benki linanikosesha usingizi.

Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Ni gemu la kompyuta. Mtoto wa dada, yule kitinda mimba, aliniona nimeshachoka na tamthilia za Kituruki, akaniwashia kompyuta yake kuukuu yenye RollerCoaster Tycoon 2, gemu la mwaka 2002. Yapo mapya, kama Planet Coaster ya 2016, lakini anasema kompyuta hii ikijaribu kulifungua itaunguza meza. Hili langu ni la picha ndogondogo. Watu wako kama punje za mtama, nawe unawatazama kwa juu, upande upande, kama uliyesimama roshani siku ya harusi ya jirani. Gemu la kwanza la jina hili lilitoka 1999, na programu yake iliandikwa na Mskochi mmoja, Chris Sawyer, karibu yote peke yake, kwa asembli, lugha ya kuiamrisha mashine hatua moja moja. Mtoto alilitaja jina hilo kwa adabu kama anayetaja walii. Nilichoelewa mimi ni kwamba ndiyo maana linakwenda hata kwenye kompyuta hii inayohema ukifungua picha mbili kwa mpigo.

Sasa nisikilize, afisa mipango miji, maana barua hii ni ya kuomba ushauri, salamu ni kisingizio.

Nilianza kwa kiburi. Kutoka langoni nikajenga njia pana, vigae vitatu ubavu kwa ubavu, na maua huku na huku. Nikajiambia, watu watapita kwa raha, hakuna kusukumana. Baada ya miezi miwili (mwaka wa gemu huanza Machi ukaisha Oktoba, nao haumalizi hata alasiri moja) nikaona watu wamejazana katikati ya njia, hawendi kwenye mabembea wala hawarudi. Ukimbonyeza mgeni unasoma anachofikiri. Mmoja: nataka kwenda nyumbani. Wa pili: siuoni mlango wa kutokea. Na mlango ulikuwa hatua sita mbele yake!

Kumbe mgeni wa gemu hili haijui njia pana. Kila kigae kinachopakana na vingine kwake ni njia panda. Akifika anachagua upande, akipiga hatua anachagua tena, basi kwenye barabara yangu ya fahari alikuwa akizunguka kama pia. Kuna kibanio cha kumnyanyulia mtu, unambeba juu anarusha miguu, ukamweke unapotaka. Nimewabeba hivyo watu arubaini mpaka langoni, mmoja mmoja, na adhana ya adhuhuri ikanikuta bado ninao kumi. Siku ya pili nikaing'oa njia yote, nikaacha kigae kimoja na njia panda chache. Foleni za watu zikanyooka kama siafu.

Wewe uliwahi kuniambia barabara pana si dawa ya kila kitu, nikakubishia. Haya.

Halafu rola kosta, ile treni ya reli inayopanda na kushuka kwa kasi watu wakipiga mayowe. Hiyo niliibuni mwenyewe tangu reli ya kwanza, nikaipa jina Kusi. Mteremko wa kwanza ulikuwa mzuri, wallahi ulinisisimua mimi niliyekaa kitandani. Kosa lilikuwa kona iliyofuata. Niliilaza bapa, sikuiinamisha. Unapaswa kuijaribu treni tupu kabla ya kufungua, na ikirudi unapewa alama tatu: msisimko, ukali na kichefuchefu. Ukali ulikuja 12 na ushei, kwa maandishi mekundu, na sababu ikaonekana kwenye kipimo cha nguvu ya kuvutwa ubavuni, nayo nyekundu: imepita mara tatu ya uzito wa mtu. Ndiyo kule dereva wa daladala anapokata kona bila kupunguza, ukajikuta mapajani kwa usiyemjua. Nikajifanya sijaona, nikafungua. Hakupanda hata mmoja. Walifika mpaka mlangoni, wakatazama juu, wakafikiri “kali mno kwangu”, wakageuka kwenda kununua chipsi.

Nikaiinamisha kona, ukali ukashuka mpaka saba, foleni ikajaa. Reli ile ile, urefu ule ule.

Nikaingia wazimu wa kutafuta mambo haya yanavyofanyika kwenye viwanja vya kweli. Unajua ule mzunguko unaompindua mtu kichwa chini? Zamani waliujenga duara kamili. Uliokuwa Coney Island, New York, mwaka 1895, uliitwa Flip Flap Railway, na watu walishuka wakilalamika shingo, maana kwenye duara kamili treni inaingia kwa kasi yake yote na uzito unakushukia ghafla. Ilipofika 1976 ndipo ulipofunguliwa kule California mmoja uitwao Revolution, na mhandisi Mjerumani, Werner Stengel, akauchora kama tone la maji: chini mpana, juu mwembamba. Kona inaanza pole pole na kukaza juu, ambako treni imeshapunguza kasi. Umbo la tone tu, na shingo za watu zikapona. Nimelichora kwenye plasta yangu kwa kalamu ya wino. Nesi akaniuliza kama ni kitunguu.

Ya wafagiaji nitapita haraka kwa sababu yananitia aibu. Niliwapa na kazi ya kukata nyasi, wakapotelea kwenye nyasi wote kumi na wawili huku njia mbele ya Kusi imejaa matapishi. Sasa kila mmoja ana eneo lake, nyasi ziote zitakavyo. Na mvua ilipoanza nilipandisha bei ya miavuli, watu wakainunua bila kunung'unika. Astaghfirullah. Baada ya swala niliirudisha bei ya zamani.

Lililonivunja moyo ni ajali. Kusi ilikuwa imeshazeeka, mafundi niliwaajiri wawili tu, na wote walikuwa upande wa mashariki wakihangaika na bembea la meli. Breki za kituoni zikafa. Treni ikaja na kasi yake ikaivaa nyenzake iliyokuwa ikipakia. Unasikia mlio, halafu moshi, halafu kimya, na ujumbe unakuambia wangapi wamekufa. Ni punje za mtama, najua. Lakini nilifunga kompyuta, nikamwambia mtoto nimeshiba. Usiogope, wewe hukuwamo. Kuna mgeni nimempa jina lako, Maryam, na wakati ule alikuwa benchini anakula aiskrimu.

Usiku ule sikulala, nikawa nafikiria Mnazi Mmoja. Unakumbuka Idd, tukishapata mkono wa Idd kwa akina babu, tunakimbia mpaka tunafika jasho limeloa nguo mpya? Yale mabembea ya kusukumwa kwa mikono, vijana wanasukuma huku wanatutisha kwamba hawatasimamisha. Mlio wa chuma kisichotiwa mafuta tulikuwa tunausikia kabla hatujauona uwanja. Hakuna aliyechora ramani pale, lakini mama zetu daima walitandika mkeka mahali pamoja, pembeni, kwenye kivuli, wanakoona bembea na njia ya kurudia nyumbani kwa jicho moja. Mwenye ubuyu alikaa karibu na mkeka. Hakukaa karibu na bembea, kwa sababu pesa tulikuwa tunairudia kwa mama. Mtu yule angeshinda gemu langu siku ya kwanza.

Nimesoma kwamba Disneyland, tangu ilipofunguliwa Julai 1955, ukiingia unaiona ngome mwisho wa barabara, na ngome hiyo ndiyo inayokuvuta mbele. Sawa, ni akili. Ila ngome inamvuta anayefika. Mkeka wa mama zetu unamfaa aliyekwisha choka, na mimi uwanjani kwangu nilikuwa nimewajengea wanaofika tu.

Basi nimebomoa nusu ya uwanja. Katikati pana mti mkubwa, mabenchi yamezunguka, na kutoka kila benchi unaliona gurudumu kubwa na lango. Chipsi na maji viko pale pale. Kusi nimeijenga upya, fupi zaidi, na fundi wake peke yake ambaye haruhusiwi kuondoka karibu nayo. Msisimko umepungua kidogo. Foleni haijapungua.

Lililonishinda ni vyoo. Nikiviweka karibu na mti, watu wanajazana na kuziba njia. Nikiviweka mbali, hawafiki wakaanza kulalamika. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Mtoto ataipiga picha ramani akutumie kwa WhatsApp, nawe uitie alama nyekundu kama unavyowafanyia wale wenye viwanja hapo Chake. Usinihurumie. Na uniambie, hivi kweli kuna kanuni ya umbali wa choo na sehemu ya kulia, au mnakisia tu kama mimi?

Plasta inatolewa Alhamisi, inshallah. Mama anakusalimu, anasema ile sahani yake ya udongo uliyochukua Mfunguo Mosi bado anaikumbuka.

Nimesimamisha gemu ili niandike barua hii. Wewe uko karibu na lango, umeshika baluni jekundu, na nikikubonyeza unafikiri: nataka kwenda nyumbani. Nimekubeba mara mbili kwa kibanio nikakurudisha chini ya mti. Sasa unaliendea lango tena.

Akupendaye,
Salma