Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: cheti cha dhahabu kisirithi kasoro ya Kimberley

Mheshimiwa Waziri,

Kenya ni mwanachama wa Kongamano la Kimataifa la Kanda ya Maziwa Makuu, ambalo viongozi wake walikubaliana jijini Lusaka mwaka 2010 kuwa na vyeti vya kuthibitisha madini, dhahabu ikiwemo, yanakotoka. Katika kuutekeleza utaratibu huo huku kwenye machimbo ya dhahabu ya Ikolomani na Macalder, naiomba wizara yako iyatazame kwa makini yaliyoufika Mpango wa Kimberley, yaani utaratibu wa kimataifa wa vyeti vya almasi ghafi.

Mpango huo, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2003, ulizaliwa na machungu ya Angola na Sierra Leone, ambako waasi wa UNITA na RUF waligharimia vita kwa almasi huku raia wakiuawa na wengine wakikatwa mikono. Umefanya kazi ya maana, kwa kuwa almasi ghafi hairuhusiwi kuvuka mpaka wa nchi mwanachama bila cheti cha serikali. Hata hivyo, unazitambua kama almasi za vita zile tu zinazowafadhili waasi dhidi ya serikali halali. Mwaka 2008, kwenye machimbo ya almasi ya Marange nchini Zimbabwe, waliowaua wachimbaji walikuwa askari wa serikali yenyewe, na Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, ilieleza kwamba waliouawa walizidi 200. Damu hiyo haikuingia katika maelezo ya mpango. Mauzo ya Marange yaliporuhusiwa mwaka 2011, Global Witness, shirika lililoupigania mpango huu tangu mwanzo, lilijiondoa, na naamini lilitenda haki.

Mchimbaji mdogo wa Kakamega hana muasi wa kumwogopa. Anachohofia ni shimo kuporomoka, zebaki ya kunasia dhahabu, yenye sumu, anayoishika kwa mikono mitupu, dalali anayempangia bei, na kufurushwa katika ardhi ya babu zake pindi afikapo mwenye leseni kubwa ya uchimbaji. Cheti kisichouliza hayo kitaisafisha dhahabu jina na kumwacha yeye pale pale. Tena dhahabu ikishayeyushwa na nyingine asili yake hupotea, kwa hiyo kumbukumbu sharti zianzie kwenye mdomo wa shimo, wala si uwanja wa ndege.

Naomba basi, Mheshimiwa, vigezo vya cheti vitaje dhuluma ya yeyote, awe mwenye bunduki, mwenye kampuni au afisa wa serikali, na vijadiliwe hadharani kwa Kiswahili huku magharibi, wakiwemo akina mama wanaoosha mchanga wa dhahabu, kabla ya kutiwa sahihi Nairobi.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kisumu