Barua kwa mwanangu: hilo neno hegemonia

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillahi. Insha uliyonitumia nimeisoma, na kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Kustaafu hakujanitoa tabia hiyo. Umeandika vizuri, mama. Lakini hegemonia umeipachika kila mahali: penye serikali, hegemonia, penye bunduki, hegemonia, hadi bei ya karafuu nayo.

Neno ni la Wagiriki, na kwao halikuwa tusi. Mwaka 478 K.K. miji na visiwa vilivyohofia kurudi kwa Waajemi vilikubali kuongozwa na Athens. Wengine walitoa merikebu, wengine fedha, na hazina ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Mkubwa ametangulia, wadogo wameridhia: hiyo ndiyo hegemonia. Baadaye watu wa Naxos walitaka kujitoa, wakashurutishwa kwa vita, na mwaka 454 K.K. hazina ikahamishiwa Athens. Kwa hali hiyo Wagiriki walikuwa na neno jingine, arkhe, yaani utawala. Hawakuchanganya, nawe usichanganye.

Gramsci, yule mwanafikra wa Kiitaliano, najua mmeshafundishwa, kwa hiyo sitakuchosha. Serikali ya Mussolini ilimtia ndani mwaka 1926, akaandika madaftari yake humo humo, akafa 1937. Alijiuliza kwa nini wengi hukubali kutawaliwa na wachache pasipo askari kusimama kila mlangoni. Akaona kwamba mawazo ya wakubwa, kwa kupitia shule, magazeti na dini, hugeuka kuwa akili ya kawaida ya kila mtu. Mabavu yapo, ila yamekaa akiba. Jambo ambalo vitabu vyenu hulipita mbio ni kwamba alikuwa mtu wa kisiwani, Sardinia, na alipokwenda Turin alisomea isimu. (Mtoto wake wa pili hakupata kumtia machoni, alimjua kwa barua tu. Hilo halihusiani na insha yako, nimelikumbuka tu.)

Isimu hiyo ndiyo ingekusaidia, maana mfano unao nyumbani. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa kikoloni walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Wamvita, watu wa Mombasa, hawakufurahi, wana tenzi zao za tangu na tangu. Sisi Wapemba hatukuulizwa. Wala hakuna aliyefungwa kwa kusema Kipemba, lakini tazama kilichotokea. Bibi yako akiwa uani na wenzake ni "ntu" na "ntoto" kutwa nzima. Juzi simu ikalia, mtu wa ofisini kutoka mjini Unguja anauliza habari za hati ya shamba. Bibi akakaza mtandio, akakohoa kidogo, na Kiunguja kikamtoka safi kama msoma habari wa redio. Alipokata simu akaniuliza, "Sikuharibu?" Nani aliyemwambia kuwa lugha ya mamake ni kuharibu? Pengine ni mimi. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na "ntoto" nikiliona daftarini nilikuwa nalikata kwa mstari. Nilikuwa nalipwa kwa kazi hiyo, na ningeifanya hata bila ya kulipwa. Basi hegemonia iko hapo, mwanangu, si kwenye mtutu.

Sasa rudi kwenye ukurasa wako wa pili. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani kwa makombora, na haikufika saa moja Sayyid Khalid, aliyekuwa amejitwalia kiti, alikuwa ameshakimbia. Hayo ni mabavu, yaite mabavu. Karafuu nayo, mnunuzi wa halali akiwa mmoja tu, huo ni ukiritimba. Waliovusha magunia usiku kwenda Mombasa hawakuwa wameridhia chochote.

Panapokutaka kichwa kitulie ni pale ulipoandika juu ya chama kushika hatamu. Hapo umeandika mistari mitatu tu, nami ningekupa kurasa tatu. Ukuu wa chama juu ya serikali uliandikwa kwenye katiba ya Tanzania mwaka 1975, na CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ikaurithi. Sheria peke yake haitoshi kuitwa hegemonia. Ila mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka vyama vingapi, na zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wakasema kimoja kinatosha. Kwa Zanzibar waliosema hivyo walizidi nusu kidogo tu. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wale waliosema kimoja kinatosha walikuwa wameridhika, wamezoea, au wanaogopa? Na kwa nini visiwani sehemu ya waliosema hivyo ilikuwa ndogo zaidi? Mimi nina yangu ninayoyadhani, lakini sikuandikii insha. Waulize wazee walio huko Dar, kisha uje umuulize babu yako wa Chake, ambaye tume ilipopita alikwenda mkutanoni na mpaka leo hataki kusema alijibu nini.

Nitumie tena ukishaisahihisha, na uniambie unakuja lini ili nikuwekee shokishoki.

Baba yako