Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kila mwezi vilifanyika, isipokuwa viwili vilivyokosa akidi. Maktaba iliendelea kuazimisha vitabu, na usomaji wa Kalila na Dimna ulikamilika. Sitawachosha kwa hayo.

Nije kwenye lililozua maneno: uamuzi wa kamati kwamba usimulizi wa hadhara mwaka huu uwe hadithi ya Conall Cra Bhuidhe, badala ya Dolopathos nzima. Imesemwa, tena kwa sauti ya juu, kwamba mwenyekiti amekikata kitabu kichwa, yaani ameondoa hadithi ya nje inayobeba hadithi nyingine.

Dolopathos iliandikwa kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 12 na Johannes, mtawa wa Haute-Seille huko Lorraine. Ni tawi la hadithi za Wenye Hekima Saba. Lucinius, mwana wa mfalme wa Sicily, ameagizwa na mwalimu wake Virgil, yule mshairi wa Kirumi, asitamke neno. Mama wa kambo anamsingizia. Kila anapotolewa kuuawa anatokea mwenye hekima mmoja, anasimulia, na hukumu inasogezwa mbele. Hadithi za ndani ni nane. Ya sita ni ya mwizi aliyetubu, anayewakomboa wanawe watatu kwa kusimulia hatari zilizompata.

Hiyo ya sita ndiyo tunayoikuta kwa Wagaeli wa Uskoti. John Francis Campbell aliichapisha mwaka 1860, kwa Kigaeli na Kiingereza. Virgil hayumo, Sicily haimo. Conall ni mpangaji wa shamba huko Ayalandi, na mfalme wake anamtuma akamwibie mfalme wa Lochlann, nchi ya Waskandinavia katika hadithi za Kigaeli, farasi wa kahawia. Anajificha pamoja na wanawe katika magunia ya pumba, wanaingizwa zizini, lakini kila wakimgusa farasi anapiga kelele, mpaka wananaswa. Mfalme anauliza: umewahi kuwa katika dhiki kuu kuliko hii? Conall anajibu kwa hadithi, na kila hadithi inamwokoa mtoto mmoja. Wanaodai tumeondoa hadithi inayobeba hadithi waniambie hiyo ni nini.

Hata mpangilio niliusimamia mwenyewe, na ninasimama nao. Kwanza paka, kisha jitu la jicho moja, mwisho mwanamke aliyeamriwa na jitu jingine amchinje mtoto mchanga. Wapo waliotaka jitu liwe mwisho kwa sababu linachangamsha. Ukifanya hivyo umeiua hadithi, kwani yule mtoto ndiye mfalme mwenyewe anayesikiliza, na mama yake, yule mwanamke wa hadithini, yumo humo humo nyumbani akisikiliza. Fundo hilo halifungwi katikati.

Kosa lililojitokeza jukwaani lilikuwa la "mimi". Msimulizi akitoka kwenye masimulizi ya nje na kuingia kwenye maneno ya Conall bila kituo, wasikilizaji hawajui nani anasema. Dawa ni hii: ya nje isimuliwe kwa kuketi, ya ndani kwa kusimama, na swali la mfalme lirudiwe kila mara bila kubadilisha neno. Kidole pia kisisahaulike. Conall alikikata kwa sababu ya pete ya jitu la jicho moja iliyokuwa ikipaza sauti, na anakionyesha kilipokatika kama ushahidi. Msimulizi wetu alisimama na vidole vyote kumi vimekunjuliwa, watoto wa mbele wakamcheka, na walikuwa na haki.

Mahudhurio yalikuwa ya aibu. Wanachama ni 58. Waliofika ukumbini ni 19, na wakosoaji wakubwa hawakuwamo. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Wamelipa 21, jumla 504,000. Ukumbi na vitini viligharimu 610,000, hivyo chama kinadaiwa 106,000. Asiyelipa ada asinifundishe kuhusu Virgil.

Mwakani, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatumaini kuigusa Acallam na Senórach, yaani Mazungumzo ya Wazee, ya Ayalandi, ambamo shujaa mzee Caílte anamsimulia Mtakatifu Patrick visa vya mashujaa wa zamani. Ni ndefu, na mwisho wake haupo katika miswada iliyosalia, kamati itaangalia. Kwa sasa, walio na vitini vya Conall wavirudishe kwa mhazini pamoja na ada zao.