Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Karibuni katika mkutano mkuu hapa Mtwara, na ahsanteni sana mliosafiri kutoka Newala, Nachingwea na Lindi mjini. Katibu ameshasoma mahudhurio, na mhazini atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo huko sitagusa. Muda wangu nautumia kwa kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kuandika maelezo ya zana zinazoendesha kivinjari, ili mawakala wa akili unde, yaani programu zinazofanya kazi kwa niaba ya mtu, wazitumie bila kubahatisha.

Zana zenyewe si ngeni kwetu. Selenium ipo tangu 2004, Puppeteer ya Google ikaja 2017, Playwright ya Microsoft ikafuata 2020. Tumezitumia kukusanya bei za minada ya korosho na kukagua tovuti za wateja kabla hazijafunguliwa. Siku zote msomaji wa maelezo yetu alikuwa mwenzetu. Akikwama, anapiga simu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP (Model Context Protocol), yaani kanuni za pamoja za kuunganisha zana na modeli, ule mfumo wa akili unde unaomwongoza wakala, na sasa zana inaunganishwa na modeli moja kwa moja. Modeli inapewa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, basi. Msimbo wetu haiuoni. Tusichoandika itakikisia.

Mfano uliojadiliwa kuliko yote ni zana ya kubofya. Maelezo ya awali yalikuwa: "Hubofya kitu kwenye ukurasa." Ni kweli, lakini hayamsaidii msomaji. Kikundi cha Masasi kikayaandika upya: "Bofya kitufe au kiungo kimoja. Taja namba yake ya rejea kutoka kwenye sura ya ukurasa uliyoipata mwisho. Ukurasa ukibadilika, namba za zamani hazifai. Omba sura mpya kwanza. Kwa orodha kunjuzi usitumie zana hii, tumia 'chagua'." "Sura" hapo ni orodha ya vitu vilivyomo ukurasani kwa wakati huo, kila kimoja na namba yake. Kila sentensi hapo inazuia kosa lake. Ninayoithamini zaidi ni ya mwisho, kwa sababu wakala mwenye zana nyingi zinazokaribiana hupotea hasa pale asipoambiwa ipi isitumike wapi.

Ujumbe wa hitilafu nao tumeuhesabu kuwa sehemu ya maelezo. "Imeshindikana" haitoshi. Sasa tunaandika: "Kitufe hakikupatikana. Huenda ukurasa umebadilika. Omba sura mpya, kisha jaribu tena mara moja tu." Maneno "mara moja tu" yana kazi yake, bila hayo wakala anaweza kuendelea kubofya hadi tovuti imfungie. Kuhusu kusubiri, tumekubaliana zana ingoje neno fulani litokee ukurasani badala ya kuhesabu sekunde. Kwa mwenye mtandao unaosuasua kule Liwale, sekunde tano si kitu.

Kuna jambo moja limenigusa sana. Seva ya MCP ya Playwright, yaani programu inayompa wakala zana za Playwright, haitegemei picha ya skrini. Inamsomea wakala mti wa ufikivu, ule ule unaotumiwa na programu zinazowasomea wasioona. Humo kila kitu kina wadhifa na jina: kitufe "Wasilisha", kisanduku "Namba ya simu". Fomu isiyo na majina hayo humkwamisha wakala, na imekuwa ikiwakwamisha ndugu zetu wasioona kwa miaka mingi. Kila mteja anayetuomba zana sasa tunamwomba kwanza arekebishe fomu zake, na naomba msimamo huu tusiulegeze hata mteja akiwa na haraka.

Kuhusu usalama, maelezo yetu yote yanataja wazi kwamba maandishi ya ukurasani ni taarifa, si amri, kwani wapo wanaoficha maagizo ndani ya kurasa ili kumpotosha wakala. MCP inaruhusu pia kuonyesha kama zana inasoma tu au inabadilisha kitu. Alama hiyo ni dokezo, haizuii chochote. Zana inayotuma malipo au kuwasilisha fomu lazima izuiwe na programu yenyewe mpaka mtu aidhinishe.

Baadhi yenu mlilalamika kuwa maelezo marefu yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kutozwa, na mna hoja, maana kwa kawaida maelezo ya kila zana hukaa mbele ya modeli wakati wote wa kazi. Rai yangu ni tupunguze zana, si sentensi. Zana tatu za kusoma jedwali zinaweza kuwa moja, na iliyobaki ielezwe kikamilifu.

Mwaka ujao kila zana ijaribiwe kwa wakala ambaye hajapewa kitu kingine zaidi ya maelezo tuliyoandika, na atakapokosea turekebishe maelezo kabla ya kugusa msimbo. Kikundi cha Lindi kimejitolea kuanza na zana za fomu. Wanaotaka kujiunga nacho wajiandikishe kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti